Sitoki Mpaka Mtu Apokee

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi ya Hospitali, Daktari Mkuu, wakunga wenzangu mliostaafu, ndugu wageni waalikwa, na wewe mlinzi wa geti uliyejibanza kule nyuma kana kwamba hukualikwa: hamjambo? Wakunga, nimesema hamjambo! Haya. Nimepewa dakika kumi za kuaga baada ya miaka thelathini na minne katika wodi ya wazazi. Walionipa wananijua, kwa hiyo wanajua nitazidisha.

Wodi yetu ina desturi moja. Mkunga anayemaliza zamu haandiki tu daftarini akaondoka. Anampitisha anayeingia kitanda kwa kitanda, anamtaja kila mama na hali yake, na anayeingia anajibu kwa sauti, "Nimepokea." Mpaka neno hilo lisikike, hutoki, hata kama miguu imevimba na mumeo anapiga honi nje. Wanafunzi wangu walilia kwa desturi hiyo. Mimi niliwaacha walie.

Ndugu wageni, wanafunzi hao wako wapi leo? Kumi na tisa wako ng'ambo, katika nchi saba. Walipoomba barua za sifa niliwaandikia, lakini niseme kweli, nilikuwa nanuna. Mmoja alipokuja kuniaga nilijifanya natafuta mkasi kwenye droo mpaka akachoka, akaenda zake. Nilikosea, na leo naomba radhi mbele yenu.

Aliyefanyiwa hivyo amekaa mstari wa pili, yule mwenye kitambaa cha kijani. Sisi tunamwita Redio, maana hazimiki. Miaka tisa iliyopita, zamu yake ya kwanza ugenini ilipokwisha, taarifa zote zilikuwa kwenye kompyuta. Wenzake wakavaa makoti, wakaondoka. Redio akasimama mlangoni. Akasimama saa nzima! Msimamizi akamuuliza, "Unangoja basi?" Akasema, "Nangoja mtu apokee." Wa zamu mpya wakacheka mpaka wakashika mbavu. Lakini msimamizi yule akazunguka naye vitandani, akalitamka neno letu kwa ulimi mzito, na mpaka leo wodi ile hawatoki bila kulisema. Siku niliposikia habari hiyo nilipita korido nzima nikimsimulia kila mtu, hata mama aliyekuwa na uchungu. Akaniambia, "Sista, tafadhali, mtoto anakuja."

Najivunia, jamani! Niseme mara ngapi? Kuna watoto wa mbali wanaopokelewa leo na mikono iliyofundishwa humu, katika wodi yenye mabomba yanayovuja. Mashine yetu ya kusikiliza mapigo ya mtoto tumboni ilitumwa na hao hao kumi na tisa. Wazazi wao wameezeka upya, wadogo zao wanasoma. Nani atawalaumu?

Lakini nani kati yenu hajui upande wa pili? Mtaani kwangu mikutano ya wazazi shuleni imejaa mabibi na mababu. Jirani yangu analea mjukuu anayemjua mama yake kuanzia kichwa mpaka kifua tu, kama simu inavyomwonyesha. Na wodini, mwaka huu nimebaki mkunga peke yangu na wasaidizi wawili. Asubuhi moja zamu iliisha, wa kumkabidhi hakuna, nikaenda nikamkabidhi mlinzi wa geti. Nilimtajia vitanda vyote. Akavua kofia, akasema, "Nimepokea, Mama. Sasa rudi ndani, maana mimi kuzalisha sijui." Mnacheka. Mimi nilirudi ndani nikalia.

Mheshimiwa Mwenyekiti, uliniambia bila kuzunguka: nikistaafu bila mkunga wa kushika nafasi yangu, wodi inafungwa mwisho wa mwezi, na akina mama watasafiri mwendo wa saa mbili kwenda kujifungua. Barua ya uteuzi iko mfukoni mwako, haina jina. Redio amekuja likizo, na tiketi yake ya kurudi ni ya keshokutwa. Jumatatu nilimwomba abaki. Akasema, "Nitakujibu, Mwalimu," kisha kimya. Redio kunyamaza siku nne! Nilitaka kumpima homa.

Mwanangu, sikulazimishi. Ukirudi kule nitajivunia vilevile, na safari hii nitakusindikiza mwenyewe, mkasi nitauacha ulipo. Ila zamu yangu imekwisha, na desturi unaijua. Majina nitakunong'oneza baadaye. Kitanda cha kwanza, mimba ya kwanza, anaogopa lakini hasemi, kaa naye. Cha pili, fundi cherehani, ana mapacha, anataka kurudi kazini kesho, mkatalie. Cha tatu, mumewe yuko ng'ambo. Simu yake isiishiwe chaji hata dakika moja. Cha nne kitupu, lakini unajua hakikawii kujaa.

Nimemaliza. Nangoja.

Mlinzi, acha kukohoa.

Anasimama... Sema kwa sauti, mwanangu, Mheshimiwa amekaa mbali.

Mmesikia? Mmesikia wote? "Nimepokea," kasema! Mheshimiwa, toa hiyo barua, kalamu hii hapa. Na wewe, mwanangu, usilie, utanifanya nisimalize.

Wageni wangu, asanteni kwa kunivumilia na kunisikiliza. Nipeni mkoba wangu. Sasa natoka.