Ngozi Nyeupe Yenye Tundu

Mheshimiwa chifu wetu. Wachungaji na mapadri mliokubali kuketi benchi moja leo. Bwana Anatole, mgeni wetu wa heshima. Bamama wa ziwani na bamama wa milimani. Ndugu wageni waalikwa: karibuni katika nyumba yetu mpya ya kushonea hapa Baraka.

Mimi Adolphine, msimamizi wa bamama wa nyumba hii, nimepewa kazi ya kumshukuru Bwana Anatole, mnunuzi wa ngozi, nami namshukuru kwa moyo wote. Nani asiyejua kwamba mashine hizi ni zawadi yake? Nani amesahau alivyoinama kutufundisha kutia uzi, kofia ikimponyoka kila mara? Cheka tu, Mama Georgette, hata yeye anacheka. Naye alituomba jambo moja: tumuunganishie ngozi za mbega, yule kima wa msitu wa juu, zile nyeusi kwa makoti ya mabibi wa Ulaya, na nyingine ndogo nyeupe, ambazo hatukuuliza ni za mnyama gani, kwa kola zao. Tukakubali. Ngozi zilikuja zimekauka, tukazishika kama kitambaa kingine chochote.

Sasa mniruhusu nimtaje mwenzetu Mukarurangwa. Alishuka kutoka milimani na mumewe mchungaji wa ng'ombe, akajiunga nasi akiwa na mimba kubwa. Kwao mtoto mchanga hubebwa katika ngozi laini ya kondoo, na yeye hakuwa nayo. Bwana Anatole, kwa wema wake, akampa ngozi moja nyeupe yenye tundu, maana haikufaa kola. Mukarurangwa akadhani ni ya mwana-kondoo. Akaliziba tundu kwa uzi mweupe, akatia kamba, na alipojifungua akaja hapa anajivuna: “Bamama, muangalie! Mutoto wangu iko na ngozi kama ya kwetu!” Tukapiga vigelegele.

Kayumba mwindaji, aliyekuwa ameleta furushi la ngozi siku hiyo, alisogea akaitazama kwa karibu. Halafu akasema polepole: “Mama, ile haiko kondoo. Ile iko mutoto wa mbega. Anazaliwaka mweupe hivi. Mama yake anamubeba kwa kifua, hawezi kukimbia mbio, ndiyo tunamupiga yeye kwanza.”

Ndugu zangu, ninyi mngefanya nini? Mukarurangwa alimfungua mtoto, akanipa nimshike, akaigeuza ile ngozi, akaweka kidole pale alipokuwa ameshona. “Risasi ilipita hapa,” akasema, “ikaenda kwa mama yake.”

Tangu siku hiyo hakuna sindano iliyogusa ngozi ya mbega humu ndani. Simkatazi mtu kula nyama. Mimi mwenyewe nala samaki, na ndugu wa milimani wanachinja ng'ombe wao. Lakini bibi wa Ulaya ana sufu, ana pamba. Je, atakufa kwa baridi kwa kukosa kola? Simama, Kayumba, wakuone. Huyu ameacha kuwinda mbega, na nyumbani kwake bado wamemnunia.

Bwana Anatole, hatukutukani. Wewe ni mtu mpole, na ulipotuambia asubuhi hii kwamba bila ngozi hakuna mashine, hukupaza sauti. Tumekuelewa. Mashine tumezipangusa, tumezitia mafuta, na wapagazi wa kuzibeba wako mlangoni. Tunazipenda, na inatuuma sana, sitaficha. Ukiziacha, tutakushonea mashati ya pamba mpaka utuombe tupumzike. Ukizichukua, tutashona kwa mkono kama mama zetu.

Ila kabla hujajibu, mtazame Mukarurangwa pale karibu na dirisha. Mtoto amelala mgongoni, katika kitambaa tulichomshonea sisi sote. Na ile ngozi nyeupe tumeiweka mezani mbele yako. Uzi tumeutoa, tundu liko wazi.

Asanteni, ndugu zangu, kwa kunitegea masikio. Bwana Anatole, nafasi ni yako.