Kamati ya Kupumulisha Nyanya

Pale Kilindoni, ubavuni mwa duka la Abdulrasul, palikuwa na ubao mrefu uliolazwa juu ya matofali, na mbele yake Marijani fundi baiskeli alikuwa akiziba pancha. Ubao ule haukujua upweke. Kila asubuhi Saburi muuza kahawa alitua dele lake pale, na kabla kikombe cha kwanza hakijapoa, dunia ilikuwa imeshavunjwa na kuundwa upya mara mbili. Lakini Alhamisi hiyo, mwaka wa kilimo cha kufa na kupona, dunia iliachwa ipumzike. Macho yote yalikuwa kwenye makarai manne yaliyopangwa ukutani, ambamo miche kumi na sita ya nyanya ilikuwa imelegea shingo kama watu waliosinzia kwenye mkutano.

Nyanya hizo hazikuwa na udongo. Mzungu mmoja wa mambo ya samaki, aliyetengenezewa baiskeli na Marijani, alimwachia karatasi ya michoro alipokuwa anarudi kwao: unajaza maji kwenye karai, usifike juu, unatia mbolea kijiko kimoja, unafunika kwa ubao wenye matundu, mche unaushikiza kwa makumbi ya nazi, na mizizi inaning'inia majini. Sharti kubwa ni moja tu. Mizizi nayo hupumua, kwa hiyo ipewe hewa asubuhi na jioni. Hilo halikumpa Marijani shida. Alichukua tyubu kuukuu za baiskeli, akazitoboa kwa sindano, akazizamisha ndani ya makarai na kuziunga na pampu yake ya mguu. Akikanyaga, mapovu yanapanda. Wiki tatu za mwanzo aliwahi kabla ya jua kukanyaga mara hamsini kwa kila karai, na nyanya zilinawiri hata watu wakatoka Baleni kuja kutazama.

Haukuwa mchezo. Lilikuwa limetoka tangazo kwamba kila mwanamume aonyeshe shamba lake la chakula kwenye ukaguzi wa Ijumaa, na asiye nalo apande lori siku ya Jumamosi, akafyeke pori la shamba la kijiji na kulala huko huko kambini miezi mitatu. Marijani hakuwa na shamba, alikuwa na spana. Na nyumbani alikuwa na mkewe, Mwanahija, mwenye mimba ya miezi minane baada ya mbili kuharibika.

— Mimi nawaambieni, hizi zina kichefuchefu, alisema Mtoro. Huyu aliitwa Nahodha, kwa sababu hakuwahi kuvuka hata kwenda kisiwa cha Juani bila kutapika. Mmea umezoea nchi kavu, aliendelea, wewe unautia majini, tena unautikisa na mapovu! Hata mimi ningelegea.

— Kwa hiyo dawa yake nini? Saburi aliuliza, huku akimimina.

— Ndimu. Unaunusisha ndimu. Na tena mtaka cha mvunguni sharti ainame. Huoni zimeinama? Kuna kitu zinakitaka chini.

— Zinataka udongo basi, alisema Saburi.

— Wewe mimina kahawa, bwana.

Marijani alicheka kidogo, akainama kuokota jani. Juzi majani ya chini yalikuwa yamegeuka manjano, na leo yalikuwa yanadondoka.

Abdulrasul alitoka dukani na vikombe viwili vya bati mkononi. Yeye kijiweni aliitwa Mizani, maana hakuamini neno lolote mpaka lipimwe.

— Nimepata jibu, alisema. Hiki maji ya kisimani ya leo, hiki maji ya karai. Ya karai mazito kwa nusu robo. Maji haya yamezeeka, Marijani. Maji yakizeeka yanakuwa mazito, na mizizi haiwezi kuyabeba.

— Maji mazee! Nahodha alishangaa. Na bahari je? Ina umri gani ile?

— Ndiyo maana haioti nyanya.

Hoja hiyo ilikaa vizuri. Nahodha alinyanyuka, akachota kata ya maji mapya mtungini, akamimina kwenye karai la kwanza ili kuyafanya yale mazee yapungue uzito. Ndivyo walivyokuwa wakifanya wote wiki nzima. Kila aliyezionea huruma nyanya alizimwagilia kata moja, wakati zilikuwa zimesimama majini tangu kupandwa. Kumimina maji hakuhitaji jasho, na mtu akimaliza anarudi kukaa akiwa na sura ya mkulima.

— Mmekosea wote, alisema Hemedi.

Akajikohoza, na ubao mzima ukajua kwamba yanakuja maneno ya ofisini. Hemedi, kwa jina la kijiweni Waraka, alikuwa tarishi miaka kumi na minane. Barua hakuandika hata moja, lakini alizibeba nyingi, na alikuwa na hakika kwamba baadhi ya yaliyomo yalimwingia kupitia kwapani. Ni yeye aliyewapa wenzake tumaini mwanzoni, pale aliposema kwamba tangazo limetaja shamba ila udongo halikuutaja popote. Na ni yeye aliyemtia Marijani hofu siku nane zilizopita:

— Shamba la mtu mmoja, tena ndani ya makarai, tena linapampiwa hewa! Hilo wataliita ubinafsi, ndugu yangu. Tuliundie kamati. Likiwa la wote, nani atagusa?

Hao wote, bila shaka, walikuwa watu watano wasio na shamba hata la kisamvu. Marijani alikubali. Pampu ya mguu ikafungwa kamba na kibandiko, MALI YA KAMATI ISIGUSWE BILA KIBALI, na tangu siku hiyo Marijani aliwajazia wateja wake upepo kwa pampu ndogo ya mkono.

— Tatizo lake ni la kisiasa, Waraka aliendelea. Mmea gani unaletewa mbolea, unaletewa maji, hata pumzi unaletewa? Huo ni mmea kupe. Mizizi imezoea kunyonya jasho la mguu wa Marijani. Kamati ilifanya busara kusitisha pampu. Tunaifundisha nyanya kujitegemea.

— Na ikifa? Marijani aliuliza.

— Itakuwa imekufa imesimama kwa miguu yake.

— Sasa mbona imelala? alisema Saburi.

— Samaki mkunje angali mbichi, alijibu Waraka, na akanywa kahawa yake kwa utulivu mkubwa.

Marijani aliitazama pampu. Moyoni alitaka kuikata ile kamba tangu siku ya tatu. Lakini yeye ndiye waliyemchagua mwenyekiti, na kila alipoinyooshea mkono, Waraka alimkumbusha kwamba kibali hutolewa na kikao, kikao huitishwa na katibu, na katibu hawezi kuitisha kikao bila ajenda iliyopitishwa na kikao kilichotangulia. Alijiona mjinga, na alijua kwa nini. Aliogopa kuitwa mbinafsi kuliko alivyoogopa kuziona zinakufa.

— Mimi nina jambo, alisema Nahodha, akishusha sauti na kuangalia huku na huku. Nyinyi mliyahesabu yale mapovu? Mimi niliyahesabu. Matatu, moja, matatu. Yanatulia. Matatu, moja tena. Pale posta wanapopeleka simu ya upepo, si ndiyo mlio wake? Mzungu wa samaki huyo! Alijuaje kwamba Marijani ana pampu?

— Toba! alisema Abdulrasul.

— Habari zetu zote za hapa kijiweni zilikuwa zinapanda na mapovu.

— Habari gani? Saburi aliuliza. Ile ya mbuzi wako kula kofia ya sheikh?

— Kikulacho ki nguoni mwako!

— Basi heri kimya cha makarai, Waraka alihitimisha, akiandika kwenye jalada lake la ukatibu. Tulinusuru nyanya na tukanusuru taifa.

Walikuwa katikati ya kujadili kama nyanya zenyewe zilijua kwamba zinatumika au zilidanganywa tu, ndipo akatokea mwanamke kijana, mtandio kichwani na mkoba wa turubai begani, akiisukuma baiskeli yenye gurudumu la nyuma lililolala.

— Asalaam aleikum. Shikamooni, wazee wangu.

— Waleikum salaam. Marahaba, mwanangu, alisema Marijani, akafurahi kupata kazi ya mikono. Mwiba?

— Mwiba, baba. Tangu kule minazini naisukuma.

Alikataa kahawa, akashukuru. Marijani alipokuwa akiitoa tyubu, mgeni alichuchumaa mbele ya makarai. Wale wa ubaoni walimweleza yote bila kuulizwa, kila mtu na lake: kichefuchefu, uzito wa maji, kupe, simu ya upepo. Aliwasikiliza kwa adabu. Alitumbukiza kidole, akakinusa. Aliunyanyua mche mmoja na makumbi yake, akaiangalia mizizi, iliyokuwa kahawia na yenye utelezi chini, nyeupe kidogo tu pale juu.

— Maji yameifika shingoni, alisema. Na leo nani kapampu?

Nahodha alimtazama Abdulrasul. Abdulrasul alimtazama Waraka. Waraka alifungua jalada.

— Kamati ina mwenyekiti, makamu wake, katibu, mweka hazina na mjumbe wa ugavi wa kahawa...

— Jana je?

— Jana tulikuwa na kikao.

— Baba, mgeni alimwambia Marijani kwa upole, mimi ndiye bibi shamba mpya. Naitwa Mwanasiti. Ilikuwa nije kesho kukagua, nikaona nianze leo.

Ubao mzima ulisimama. Walikuwa wamejiandaa kwa bwana shamba, mwanamume, ndani ya gari, siku ya Ijumaa baada ya sala. Hata maneno ya kumkaribishia Waraka alikuwa ameshayakariri. Mwanasiti alitoa daftari kwenye mkoba.

— Waraka niliopewa ofisini unasema hivi: asiye na shamba, miezi mitatu. Mwenye shamba akalitelekeza likafa, miezi sita. Sasa niambieni, hili shamba ni la nani?

— La Marijani hilo! alisema Nahodha, kabla swali halijatua chini.

— Mimi nilikuwa naandika mihtasari tu, alisema Waraka. Kumsaidia. Hakujaliwa mwandiko.

— Mimi mizani, alisema Abdulrasul. Mtu akileta kitu napima.

— Mimi nauza kahawa, alisema Saburi, na huyo angalau alikuwa anasema kweli.

Marijani alisimama na tyubu mkononi. Miezi sita. Mtoto angezaliwa, apewe jina, aanze kukaa, na yeye yuko porini na panga. Alikasirika, na hasira haikuwa ya wale wanne peke yao. Ni nani aliyekubali kamba ifungwe kwenye pampu yake mwenyewe? Angeweza kusema ni la kamati. Karatasi zilikuwapo, na majina yalikuwapo. Aliutazama ule mche mkononi mwa Mwanasiti na akaona haya.

— Ni langu, alisema. Nilizipanda mimi. Zinakufa kwa sababu nilijua zinataka nini, nikaacha kuwapa. Kuzipa. Niandike.

Mwanasiti aliandika jina lake bila haraka. Kisha aliurudisha mche kwenye tundu lake.

— Hapa juu mizizi bado hai. Punguza maji hayo mpaka nusu, uache nafasi ya hewa chini ya ubao. Mizizi ya chini iliyooza ikate. Halafu pampu, asubuhi, mchana na jioni. Jumatatu nakuja kuangalia. Mpaka Jumatatu hupandi lori lolote.

Marijani hakungoja kikao. Alichukua kisu cha kukatia raba, akakata ile kamba, na kibandiko kikaanguka kwenye tope. Akaanza kuchota maji kwa kopo na kuyamwaga barabarani. Alipoona yamefika nusu, aliweka mguu juu ya pampu, akakanyaga. Mwanzo maji yalinung'unika tu. Halafu mapovu yakapanda, machache, kisha mengi.

— Mashallah, alisema Nahodha, akirudi kukaa ubaoni kwa faraja ya mtu aliyeokoka. Umoja ni nguvu!

Mwanasiti alifunua ukurasa mwingine wa daftari, akailamba ncha ya penseli, akawageukia.

— Na nyinyi wazee wangu, kama hili ni la baba Marijani, mashamba yenu yako wapi?

Waraka alilifungua jalada lake, akalifunga. Abdulrasul alikumbuka kwamba hakuna mtu dukani. Nahodha alimwomba Saburi kikombe kingine, na Saburi akaliinamisha dele mpaka mwisho, likatoa machicha.

— Imekwisha, alisema. Na Jumamosi lori linaondoka saa kumi na mbili asubuhi. Tuchukue majembe yetu, kule hawaazimi.

Marijani hakugeuka kuwatazama. Alikuwa anahesabu mikanyago, na alikuwa amefika arobaini na moja.