Mbishi Akikubali, Mpe Soda

Benchi letu liko nje ya duka la kinyozi, chini ya dirisha lake la kioo. Ukikaa kushoto unapata jua. Ukikaa kulia unapata upepo wa feni na nywele za watu. Katikati hukaa birika la Bi Kahawa, na kando ya birika bakuli la sukari, la bati. Chini ya benchi, nyuma ya mguu mmoja, huwekwa chupa ya soda isiyoguswa na mtu. Ni ya kinyozi. Kinyozi ana kisukari tangu darasa la pili, kile cha aina ya kwanza, cha kujidunga insulini maisha yote, na sasa ndevu zake zina mvi. Zamani sukari ikimshuka alitetemeka, akajua, akala kitu. Miaka imepita, na mwili wake umechoka kumwonya; siku hizi unamzima tu kama taa. Lakini sisi tunajua. Tunamwita Mbishi kwa sababu hajawahi kukubaliana na mtu, hata juu ya leo ni siku gani. Sukari ikianza kumshuka, kabla ya jasho, kabla ya macho kulegea, huanza kukubali. Kwa hiyo benchi lina sheria moja: Mbishi akikubali mara mbili, mpe soda.

Siku hiyo hakuwa na mteja. Alitoka na taulo begani, akaegemea mlango, akasema hospitali inataka jibu kabla ofisi hazijafungwa. Jopo la madaktari linakaa kesho. Akisema ndiyo, jina lake linaingia kwenye foleni ya wanaosubiri kupandikizwa kongosho la mtu aliyefariki. Akisema hapana, wanaendelea na wengine.

— Kongosho ndiyo nini? aliuliza Gia Tano. Huyu aliendesha malori mpaka macho yakamstaafisha, na hakuna kitu duniani asichokifananisha na gari.

— Kiungo kiko nyuma ya tumbo, alisema Mbishi. Ndicho kinachotengeneza insulini. Kwangu insulini ilikatika nikiwa mtoto.

— Aa, pampu! Pampu imekufa. Sasa wanataka kukufungia pampu ya mtumba.

— Si ya mtumba.

— Imetumika?

— Imetumika.

— Ina waranti?

— Haina.

— Basi ni ya mtumba, ndugu yangu. Tena huenda ya gari lililopata ajali.

Bi Kahawa alijaza vikombe bila kuulizwa.

— Na la zamani wanalitupa wapi? aliuliza.

— Halitupwi, alisema Mbishi. Linabaki palepale. Jipya linawekwa chini kidogo, karibu na nyonga.

Hapo Wakili akaweka kikombe chini. Wakili si wakili. Alifungua na kufunga milango ya mahakama miaka mingi, sheria zikamwingia kwa masikio.

— Makongosho mawili, nyumba moja? Mke mkubwa hafanyi kazi lakini hafukuzwi? Ndiyo maana wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone.

— Leo umepatia, alisema Bi Kahawa.

— Sijamaliza. Mgeni akija, kunapikwa, na mwenyeji anapona njaa. Kwa hiyo jipya litafanya kazi, la zamani litakula bure. Hiyo ni dhuluma.

— Halifanyi kitu, Wakili, alisema Mbishi. Ni kama maiti. Maiti haili.

— Haili, lakini ina haki zake.

Mbishi alijifuta mikono kwa taulo, ingawa mikono yake ilikuwa safi.

— Likikubali kufanya kazi, sindano basi, alisema. Ila nitameza vidonge vya kushusha kinga siku zote, mwili usijue kwamba lile kongosho ni la mgeni ukalishambulia. Kinga ikishuka, mafua ya kila mteja ni yangu. Na kazi yangu mimi ni kupumuliwa usoni. Halafu kuna kisu chenyewe. Wapo walioingia chumba kile wasitoke.

— Basi kataa, alisema Gia Tano. Usiache mbachao kwa msala upitao.

— Mbachao wenyewe umetoboka.

— Ukitoboka tunalala upande mzima. Na sisi tupo! Unafungiwa pampu ya nini wakati una benchi? Benchi halihitaji betri.

— Wala vidonge, alisema Wakili.

Hakuna aliyetaja habari ya wembe. Mwezi uliopita mteja alikuwa amelaza kichwa, macho kafumba, wembe uko shingoni, na kinyozi kasimama tu anatazama ukuta. Bi Kahawa ndiye aliyemwona kupitia kioo. Aliingia, akautoa ule wembe mkononi mwake polepole kama anayemnyang'anya mtoto kisu, akamnywesha soda. Mteja alifumbua macho, akauliza kwa nini kinyozi amekuwa mwanamke. Tangu siku hiyo Mbishi hanyoi ndevu. Ananyoa vichwa tu, kwa mashine, na kiti cha pili amekifunika shuka.

— Liangalie kisheria, aliendelea Wakili. Marehemu ana warithi. Kongosho ni mali isiyohamishika iliyohamishwa. Siku moja mjane wake atasimama hapa mlangoni na watoto: nimekuja kumsalimia mume wangu. Utamwambia nini?

— Nitamwambia akae, nimnyoe mtoto.

— Bure?

— Bure kwa nini?

Gia Tano alicheka mpaka kahawa ikamwagika.

— Na kama marehemu alikuwa dereva? Kongosho la dereva limezoea alfajiri, limezoea mayai ya kuchemsha kando ya barabara. Utashtuka uko njia kuu na taulo lako begani, unasimamisha malori.

— Kama alikuwa mwanamke je? aliuliza Bi Kahawa.

— Patachimbika!

— Kongosho la mwanamke halitakubali kukaa na ninyi kutwa nzima. Litamwambia inuka, nyumbani kuna kazi.

— Zaidi ya hapo, alisema Wakili, akainua kidole, mtu mwenye kiungo cha mwenzake hawezi kuwa na kura moja. Ana kura moja na robo. Na akioa, anaoa kwa ridhaa ya wote wawili. Na akifa, anazikwa mara ngapi? Haba na haba hujaza kibaba: leo kongosho, kesho figo, keshokutwa tunakaa hapa na mtu ambaye hatumjui, tunamwita Mbishi kwa mazoea.

— Kweli, alisema Mbishi.

Wakili alishtuka kidogo, kisha akatabasamu. Hajawahi kushinda kesi.

— Mmesikia? Mbishi kasema kweli! Kwa hiyo hospitali unaikataa?

— Ndiyo, alisema Mbishi. Mko sawa. Wote mko sawa.

Tulishangilia. Gia Tano alipiga ubao wa benchi kama honi. Wakili alitangaza shauri limefungwa, na Bi Kahawa, aliyekuwa akicheka, aliinama kuokota kikombe. Mbishi alitabasamu nasi, mpole, kama mgeni asiyejua lugha.

Wakati huohuo mkewe alifika. Yeye hupita mtaani kwetu kila jioni akitoka kazini, hoteli moja ambako anafua mashuka, lakini huwa hasimami. Leo alisimama.

— Habari za hapa, shemeji zangu.

— Nzuri, shemeji! alisema Gia Tano. Umekuja wakati mzuri. Mumeo kakata shauri.

— Kasemaje?

— Kakubali kukataa. Kakubali kila kitu!

Mwanamke alimtazama mumewe. Kola ya shati lake ilikuwa imeshikana na shingo.

— Mbona analowa?

Mkono wa Gia Tano ulienda chini ya benchi, ukarudi na chupa. Ilikuwa nyepesi. Wakili alitazama angani.

— Jana kulikuwa na joto, alisema.

Bi Kahawa hakungoja kusikiliza kesi. Alimwaga kahawa ya mtu, akamimina bakuli zima la sukari kikombeni, akaongeza maji, akakoroga kwa kidole. Mke alimkalisha mumewe kwenye benchi, akamshika kidevu, akamnywesha kidogo kidogo, akimwambia meza, baba, meza. Sisi tulisimama. Benchi lilikuwa lake peke yake. Magari yalipita, mtu mmoja akauliza kama kinyozi yupo, tukamwambia arudi kesho.

Baada ya muda Mbishi aliinua kichwa.

— Leo si Jumatano, alisema.

— Ni Jumatano, alisema Gia Tano.

— Nani kakwambia? Jumanne.

Tukajua amerudi. Gia Tano akavuta pumzi, na maneno yakamrudia yote.

— Umeona, shemeji? Mashine imefanya kazi. Imechelewa kuwaka, sikatai, lakini imewaka. Huyu hatumwachi. Asubuhi tupo. Mchana tupo. Jioni tupo.

— Nawashukuru, alisema mwanamke. Alikuwa anafuta kikombe kwa ncha ya kanga, na hakuonekana kuwa na hasira. Mimi, aliendelea, mchana nafua mashuka ya wageni, usiku napapasa la huyu kama limelowa. Likilowa, namwamsha. Sasa kazini wamenipangia zamu ya usiku, kuanzia mwezi ujao. Kwa hiyo nilitaka kuuliza tu.

— Uliza, shemeji.

— Usiku huwa mnakuwa wapi?

Gia Tano aliitazama chupa mkononi mwake kana kwamba jibu limeandikwa kwenye kizibo. Bi Kahawa alitikisa birika. Hakukuwa na kitu ndani.

Mbishi alitoa simu mfukoni. Alipiga hospitali, akasimama, akajitaja kwa jina lake la kuzaliwa, ambalo wengine wetu tulilisikia siku hiyo kwa mara ya kwanza. Alisikiliza kwa muda mrefu.

— Ndiyo, alisema.

Akasikiliza tena.

— Ndiyo. Naelewa. Hata hiyo naikubali.

Mkono wa Gia Tano ulikuwa umeshafika kwenye bakuli la sukari, ukakwaruza bati tupu. Mke wa Mbishi aliunyoosha wake, akamgusa mumewe shingoni, kama anavyomgusa usiku.

Ilikuwa kavu.