Ngoja Kwanza Anaondoka na Nguzo Yetu

Baada ya kulitumikia banda la okidi la kitalu chetu kwa miaka thelathini na minne, mwenzetu tunayemwita Ngoja Kwanza anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe thelathini. Wasomaji wa jarida hili watasema habari hiyo wameshaisoma. Ni kweli. Tumeshaitangaza mara mbili, keki ikaagizwa mara mbili, na mara zote mbili tukaila bila kumuaga mtu, kwa sababu mstaafu mwenyewe alikwenda kwa bosi kuomba asogezewe siku. Safari hii haombi tena. Sababu yake nitaieleza mimi, maana ndimi ninayekaa naye meza moja ya mauzo na hakuna kinachonipita.

Aliajiriwa kubeba mifuko ya mboji. Wakati huo okidi zetu zilikuwa chache, zimesukumwa nyuma karibu na choo, zimepandwa kwenye udongo kama nyanya, na zilikuwa zikifa moja baada ya nyingine. Yeye alizoea kuzing'oa zilizokufa, kunusa mizizi na kukunja uso. Mwishowe akamwambia bosi kwamba hazifi kwa kiu wala njaa, zinakufa kwa kukosa hewa. Akaomba meza, vyungu vichache na gunia la makaa. Alipewa vyote, na tangu siku hiyo meza ile haijapata mwenyewe mwingine.

Kwa nje kazi hiyo ni nyepesi: mteja anachukua ua, anachagua chungu, analipa, anaondoka. Kwa mwenzetu haikuwa hivyo. Mteja akinyoosha mkono kwenye chungu tu, anaambiwa "ngoja kwanza," kisha anahojiwa kama mchumba aliyekuja kuposa. Jua linaingia nyumbani asubuhi au jioni? Upepo unapita? Nani atamwagilia, na huyo mtu ni wa namna gani? Swali hili la mwisho ndilo aliloliamini kuliko yote. Kwake yeye, chungu hakichaguliwi kwa kulitazama ua, huchaguliwa kwa kuutazama mkono wa mwagiliaji.

Wenye mkono wa birika, wale ambao hata maji wanayatoa kwa uchungu, aliwapa chungu cha plastiki na makumbi ya nazi yaliyokatwakatwa, ambayo hukaa na unyevu siku nyingi. Wenye mkono wa kawaida waliondoka na chungu cha udongo chenye matundu ubavuni, magome ya mti yaliyopasuliwa vipande vikubwa, na makaa kidogo. Na wale wasioweza kupita karibu na mmea bila kuumiminia kitu hawakupewa chungu kabisa. Alizifunga okidi zao kwenye kipande cha gogo, mizizi nje, maji yapite yaende zake.

Wengi wenu mnamkumbuka yule fundi cherehani aliyeua okidi tatu mfululizo na kuja kulalamika kwamba tunauza maua mabovu. Ngoja Kwanza alimkalisha kwenye kiti, akamuuliza taratibu habari za nyumbani. Ikabainika kwamba mama huyo anamwagilia asubuhi, mumewe anamwagilia akirudi kazini, na mama mkwe naye anamwagilia kila akiona wenzake wamesahau. Kila mmoja alidhani yuko peke yake. Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Aliuziwa gogo, na leo hii okidi yake ina mashina saba na wote watatu bado wanamwagilia.

Ugomvi wake wa kudumu ulikuwa na vyungu vya kung'aa visivyo na tundu. Hata hivyo hakumvunja moyo mtu aliyekipenda kimoja kwa sababu kinalingana na makochi yake. Alikuwa akipanda ua kwenye chungu chepesi chenye matundu, anakitumbukiza ndani ya kile cha fahari, na kumwelekeza mteja akitoe kila anapomwagilia, akirudishe kikishachuruzika. "Cha nje kiwe cha wageni," alisema, "cha ndani kiwe cha mizizi."

Simsifu kwa kila kitu. Aliosha makaa kutwa nzima ili vumbi lisizibe hewa, kisha akaja kutusalimia kwa mikono ile ile. Mashati yangu mawili ni ushahidi.

Sasa nije kwenye nguzo. Mwaka wake wa kwanza kazini, kipande cha okidi kilivunjika wakati wa kushusha mzigo, kikatupwa pembeni. Yeye alikiokota, akachana fulana yake kuukuu, akakifunga kwenye nguzo ya katikati ya banda. Kwa muda tu, alisema, mpaka apate chungu. Chungu hakikupatikana. Okidi ikaishika nguzo, ikaizunguka, na kila mwaka ikashusha mikono yake myeupe ya maua juu ya vichwa vyetu. Chini yake ndipo marehemu mkewe alipokuwa akikaa mchana, akimletea chakula na kumcheka jinsi anavyohoji wateja. Alipofariki, tulimwona mumewe akila pale pale peke yake. Hakuna aliyethubutu kukikalia kile kiti kingine.

Mnaona basi ugumu ulipo. Binti yake amekuwa akimwomba ahamie kwao, ghorofa ya nne, ambako kuna wajukuu wawili na chumba kilichokwisha kupakwa rangi. Yeye anataka sana kwenda. Lakini hakutaka kuiacha okidi, na aliamua kuihamishia kwenye chungu, kwa hesabu kwamba nyumba ya ghorofani ina upepo mwingi na itaikausha. Kila mwenye okidi anajua kwamba haihamishwi ovyo. Inasubiriwa ianze kutoa mizizi mipya, ndipo izoee makao mapya. Akasubiri. Mizizi ikatoka, na kabla hajajiandaa ikaishika nguzo. Ndipo akaomba asogezewe siku. Msimu wa pili, mambo yakawa yale yale.

Mwezi uliopita binti akanipigia simu. "Shangazi, niambie ukweli. Baba hataki kuja kwetu?" Nilimwambia baba yake anataka, ila kuna suala la mizizi. Nikamsikia akijizuia kulia. Ukweli mwingine ukiusema kwenye simu unasikika kama uongo.

Niliwaeleza wenzangu, na saa ya chai tukamzunguka. Tukamwambia ngoja kwanza. Kisha tukamuuliza maswali yake mwenyewe, moja baada ya jingine. Jua? La asubuhi, kwenye roshani. Upepo? Mwingi. Nani atamwagilia? Mimi, akajibu. Na wewe ni mtu wa namna gani?

Kikombe kilibaki hewani. Sisi tulishaanza kucheka, kwa sababu kila mtu kitaluni anajua kwamba Ngoja Kwanza ana mkono wa mafuriko. Maua yote aliyowahi kuyatunza mwenyewe chunguni yalioza. Ile okidi amekuwa akiimwagia maji kila siku ya Mungu, mvua au jua, na isingekuwa ile nguzo isiyobakiza hata tone ingekufa mwaka ule ule alioiokota. Mganga hajigangi. Alicheka mpaka akafuta macho, halafu akaendelea kuyafuta baada ya kicheko kuisha, akasema hakuwahi kujiuliza. Kwa mtu wa mkono wake, na roshani ya upepo, chungu kilikuwa kaburi. Okidi ilipaswa kukaa palepale ilipo, kwenye mti wake. Basi ataiacha, akasema. Alilisema hilo kwa sauti ndogo ambayo sitaki kuisikia tena.

Bosi alitoka, akarudi na seremala. Seremala akaipiga nguzo chini kwa nyundo, ikatoa sauti ya kibuyu. Akatuambia imeoza kwa maji, na kwamba banda hili limesimama kwa huruma tu. Tulijua maji hayo yametoka kwa nani. Jumamosi akasimamisha nguzo mpya, akaliegemeza paa, akaikata ile ya zamani juu na chini ya mizizi, mahali ambapo mbao bado ni nzima. Mstaafu wetu alisimama kati ya msumeno na ngazi akiwa ameshika kitambaa kibichi, akitoa amri, akizuia kazi kwa saa nzima. Hakuna mzizi hata mmoja uliovunjika. Mkwewe amekwisha kufunga kulabu ya chuma kwenye roshani, na jirani wa ghorofa ya chini ameombwa radhi mapema.

Mzee wetu, asante kwa kutufundisha kuuliza kabla ya kuuza. Asante kwa maua uliyoyaokoa na kwa nyumba za watu ulizoziingia kwa maswali tu. Tunakuombea afya, usingizi wa mchana usiokatizwa na mteja, na wajukuu watakaokubali kungoja kwanza.

Miaka yote hii tulikuwa tukikuficha mpira wa maji. Huko kwa binti yako bomba liko mlangoni pa roshani, na hakuna atakayelifunga. Mwagilia.