Mwalimu Rugemalira na Darasa la Ng'ambo

Pale Mkolani, ukiiacha lami na kushika njia ya vumbi, kuna jiwe moja kubwa lililokataa kuondoka hata watu walipojenga kulizunguka. Mtu akaegesha ubao juu ya matofali, ubao ukaegemea jiwe, kijiwe kikazaliwa. Jumamosi asubuhi Yakobo huweka hapo jiko la mkaa na birika lake la kahawa, na wenyewe hawakawii kufika. Yupo Minara, fundi simu, aliyebatizwa Revocatus lakini ukimwita hivyo hageuki. Yupo Osward wa bodaboda, maarufu kama Wakili, kwa sababu hajawahi kukubali kosa tangu azaliwe. Na yupo Mwalimu Rugemalira, Mhaya wa Muleba, mwalimu wa hisabati wa shule ya msingi, ambaye siku zote ndiye mwenye kicheko kikubwa kuliko wote. Jumamosi hii hakucheka. Alishika kikombe kwa mikono miwili, kahawa imepoa, na simu yake imelala kifudifudi mapajani.

— Ticha, hiyo kahawa unainywa au unaifuga? Minara akaanza.

— Niache, bwana.

— Mwalimu, kuna msiba? Yakobo akauliza, maana yeye ni mtu wa kuulizia misiba.

— Hakuna msiba. Nimestaafu tu, ila barua haijafika.

Basi ikabidi aeleze. Ng'ambo, upande wa Kamanga, kuna shule ambayo mwalimu wake wa hisabati amekwenda likizo ya uzazi, na darasa la saba mtihani unawakaribia. Ukaletwa mpango Rugemalira awafundishe akiwa huku huku Mwanza, kwa mtandao. Kule wamefungiwa televisheni darasani, wanamwona yeye na ubao wake. Yeye hawaoni, maana kamera ya kule inakula sana bando, wakaizima. Alipelekwa semina, kijana mmoja mpole akamfundisha kila kitufe, naye akaandika kila neno kama mwanafunzi. Kipindi cha kwanza kilikuwa Alhamisi.

— Nikawasha, akasema. Nikawasikia, "Shikamoo mwalimu!" Sauti nzuri, darasa zima. Nikasema marahaba, nikawaambia wazime kipaza sauti kama tulivyoelekezwa semina, nikaingia kwenye hesabu za sehemu. Nikafundisha mpaka koo likakauka.

— Sasa tatizo liko wapi?

— Kimya, Minara. Kimya mwanzo mpaka mwisho. Mimi nikiuliza "Tupo pamoja?" huwa natazama nyuso. Anayekuna kichwa, huyo nimemwacha, narudi kumchukua. Anayetazama dirishani, namwendea. Juzi natazama kiboksi cheusi kimeandikwa jina la shule! Nikatania, wala sikusikia kicheko. Mwisho nikawaambia wafungue kipaza sauti waulize maswali. Mtu akakohoa. Mmoja akasema, "Hakuna swali mwalimu," kwa sauti ya mtu aliyeshikwa na polisi. Kwisha.

Akakiweka kikombe chini.

— Saa tano nina kipindi kingine. Kabla ya hapo nampigia mwalimu mkuu, atafute kijana. Miaka yote hii naambiwa Rugemalira anaweza kulifundisha hesabu hata jiwe. Nimelipata jiwe, limenishinda.

Hapo kijiwe kikakaa vizuri. Mtu wao ameumia, na wao wakiona mtu ameumia hawajui kunyamaza.

— Ticha, sikia, akasema Minara. Wewe huna kosa. Ni maji.

— Maji gani?

— Ya ziwa! Maji yanavuta mawimbi ya simu. Neno linatoka kwako zima, likifika katikati limelowa. Hasa sehemu. Sehemu ina namba ya juu na namba ya chini, si ndiyo? Basi ya juu inafika Kamanga, ya chini inazama.

— Napinga! Wakili akanyoosha mkono. Mbona mimi nikimpigia mke wangu akiwa kwao Sengerema anasikia mpaka ninayoyaficha?

— Hayo ni maneno mepesi, yanaelea. Hesabu ni nzito. Watoto wamebaki na namba za juu tu, sasa watauliza nini? Dawa ni mwalimu apande juu ya hili jiwe na ubao wake, arushe kutokea juu.

— Na miaka yangu hii nipande jiwe?

— Tutakusukuma.

Wakili akamsukuma Minara pembeni kwanza.

— Maji hayahusiki kabisa. Mheshimiwa huyu amenifundisha darasa la tano, namjua. Anafundisha kwa miguu! Sasa hivi yuko mbele, ukijaribu kuchungulia kwa jirani, yuko nyuma yako anahema. Leo mmemfungia ndani ya kioo kama picha ya kitambulisho. Atafundishaje? Mimi nina helmeti. Tunaifunga simu mbele ya helmeti, naivaa. Mwalimu anatembea, mimi nyuma yake. Akigeuka, nageuka.

— Akienda kujisaidia?

— Nasubiri nje. Sheria inaruhusu.

Kicheko kilimfika Rugemalira kooni, kikaishia hapo. Aliwapenda hawa watu. Walikuwa wakisema upuuzi mtupu, lakini walikuwa wakiusema kwa ajili yake, wakimwaga maneno hovyo ili asiiguse ile simu.

Yakobo akakoroga makaa taratibu.

— Mimi nadhani watoto hawakuwepo.

— Yakobo! Waliitikia, nimewasikia.

— Nimesikia redioni siku hizi kuna mashine inatengeneza sauti ya mtu yeyote. Shikamoo ile ilikuwa ya mashine. Watoto walikuwa mpirani.

— Na kikohozi?

— Kinatengenezwa vilevile. Wakitaka hata mafua wanakupa.

Minara akacheka mpaka akashika jiwe. Wakili akadai mashine haiwezi kutoa shikamoo kwa sababu haina umri, na wakashikana hapo kama kawaida yao. Rugemalira hakuwasikia tena. La Yakobo lilimchoma. Tangu Alhamisi alikuwa akilala nalo, akiamka nalo: kwamba alisimama mbele ya ubao akajitoa kwa roho yake yote, na upande wa pili hakuna mtu. Mwalimu anaweza kuvumilia darasa gumu. Darasa tupu linamuua. Akaigeuza simu, akatafuta namba ya mwalimu mkuu.

— Habari za hapa?

Mwanamke alikuwa amesimama mbele yao, beseni la dagaa kichwani, kanga imefungwa kwa kukaza, miguu ina vumbi la njia.

— Nzuri, mama. Karibu.

— Namtafuta mwalimu wa kwenye televisheni. Nimeelekezwa kwake, nyumbani wakaniambia yuko kwenye jiwe.

Wote wakamtazama Rugemalira. Akaiweka simu chini.

— Ndiye mimi, mama.

— Shikamoo, mwalimu.

— Marahaba. Sogeeni mama akae.

— Asante, sikai. Mimi ni Mama Kija, nimetoka Kamanga na kivuko cha asubuhi, naleta dagaa mjini. Nikasema nipite kwanza hapa. Sikuja kugombana, mwalimu. Mtoto ni wako pia, akikosa una haki ya kumwadhibu. Ila Kija alirudi Alhamisi akilalamika miguu. Kumuuliza, ananiambia darasa zima lilisimama kipindi kizima. Wameandika wamesimama, daftari mkononi, mpaka ukazima. Akaniuliza sababu, sina la kumjibu. Ndiyo nimekuja nikuulize wewe. Walikosea nini?

Minara alitazama ziwa lilipo ingawa kutoka pale halionekani.

— Mama, Rugemalira akasema polepole, nani amekwambia niliwasimamisha?

— Walisimama kukusalimia. Wakasubiri uwaambie wakae. Hukuwaambia. Kuna wengine walitaka kukaa, kiranja wao Antoni akawakataza: mwalimu hajasema.

— Na kuniuliza?

— Si uliwaambia wazime kile cha kusemea? Mpaka unawaambia wafungue, walishaona ni adhabu. Nani aulize swali kwenye adhabu?

Rugemalira aliuona mkono wake wa kulia. Maisha yake yote ya ualimu mkono huo ulifanya kazi moja kila asubuhi: marahaba, na mkono unashuka, kaeni. Hajawahi kulifikiria neno hilo, lilitoka lenyewe na ule mkono. Lakini semina ilimwambia jambo la kwanza ni kipaza sauti, naye kwa hofu ya kukosea akakiweka kipaza sauti mahali palipokuwa pa kaeni. Na kwa sababu hawaoni, hakujua.

— Mawe! akasema, akimlilia mama yake kwa Kihaya. Mama, hawakukosea kitu. Hata kidogo. Nilisahau kuwaambia wakae.

— Ulisahau?

— Nilisahau, mama. Unisamehe.

Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka. Lakini chini ya ile aibu kulikuwa na kitu kingine kinampanda kifuani, akashindwa kukizuia.

— Kwa hiyo walikuwepo? Wote?

— Mwalimu, nani angethubutu kutoka? Mama Kija akamshangaa. Wote! Tena jioni Kija aliugawa ugali wangu vipande sita, vinalingana, mimi na njaa yangu nasubiri. Akanipa viwili, akasema mama hiyo ni theluthi, mwalimu wa kwenye televisheni amesema. Nikamwambia leta na theluthi nyingine.

Wakili ndiye aliyeanza kucheka, halafu Minara, halafu Yakobo aliyekuwa ameshikilia hoja yake ya mashine ya sauti na sasa hana pa kuiweka. Rugemalira alijifuta macho kwa kiganja wala hakujificha.

— Na leo watakuja kweli?

— Kija ametoka nyumbani alfajiri. Wamekubaliana wote wawahi, isije ikawa walichelewa ndiyo maana ukawaadhibu.

Hapo mzee wa watu hakungoja saa tano.

— Minara, niwashie hii kitu. Hapa hapa.

— Ubao je, ticha?

— Ubao nitaufuata baadaye. Kuna jambo halingoji ubao.

Simu ilitaka pa kuegemea. Yakobo akalitikisa birika lake, akalimimina mpaka tone la mwisho kwenye kikombe cha mwalimu, akaliweka juu ya tofali.

— Egesha hapa. Imeisha, haitakuunguza.

Minara akaegesha, akabonyeza, akasubiri. Kiboksi cheusi kikatokea, na jina la shule; kule nao walikuwa wamewahi, wameshawasha. Rugemalira akavuta shati, akasimama wima mbele ya birika.

— Shikamoo mwalimu!

Ilikuwa sauti ya darasa zima, ila safari hii ilitoka chini chini, ya watoto wanaosubiri waone leo itakuwaje. Mkono wa Rugemalira ukapanda.

— Marahaba, wanangu.

Mkono ukashuka.

— Kaeni.

Wakili akamshika Minara bega. Kisha simu ikaanza kutoa mlio wa madawati yanaburuzwa, ya mbele, ya katikati, ya nyuma, kelele tupu, na dawati moja lililochelewa likafuata peke yake.

— Alhamisi hamkukosea chochote. Aliyekosea ni mimi, nilisahau kuwaambia mkae. Na leo msikizime kipaza sauti. Mkohoe, mcheke, mnong'onezane, nataka niwasikie. Tupo pamoja?

— Tupo pamoja mwalimu!

Mama Kija, aliyekuwa amesimama tangu afike, alilitua beseni lake, akamsogeza Wakili kidogo, akakaa.