Nyambizi Imekula Umeme wa Ikungi

Pale Ikungi, ukishapita soko kuelekea barabara ya Dodoma, kuna benchi lililoegemezwa chini ya dirisha la kibanda cha Obadia, fundi simu. Wanaolikalia wana sheria moja tu: anayeinuka kabla mada haijaisha ameshindwa, na wiki nzima atachochea mkaa wa birika. Sheria hiyo imewatesa watu. Isaka, aitwaye Kapteni kwa sababu aliwahi kuwa utingo wa lori la bandarini Dar, alichelewa ubatizo wa mwanawe kwa ajili ya mada ya nyuki.

Siku hiyo umeme ulikatika asubuhi, na Obadia hakutishika. Kibandani mlikuwa na mashine ya kutotolesha vifaranga iliyojaa mayai ya kuku wa kienyeji wa mkewe, Loyce, na ilikuwa imebaki kidogo yaanguliwe. Loyce aliyakusanya moja moja, akiwanyima hata wageni. Alipopanda basi kwenda Singida mjini alimwachia mumewe kazi moja, joto lisipungue. Kulikuwa na betri ya gari kwa ajili hiyo, na mashine ilikuwa inanguruma vizuri. Obadia akamimina kahawa, akawaonyesha wenzake video ya nyambizi imefungwa gatini, imechomekwa waya mnene kutoka nchi kavu.

— Hii ni ya dizeli na betri, alisema. Ikishazama haiwashi injini, itamaliza hewa ya watu. Inatembelea betri. Ikifika bandarini inachomekwa, inachaji.

— Fundi, unatupanga, alisema Kapteni. Chombo kina jenereta yake, kikaombe umeme kwa jirani?

— Jenereta ina kelele na moshi. Gatini injini zinapumzika, unatumia wa nchi kavu.

Wa tatu pale benchini alikuwa Moses. Wanamwita Wizara, kwa kuwa kila jambo hulijibu kana kwamba ametumwa kulitolea tamko. Aliweka kikombe chini taratibu.

— Basi umeme wetu ndiko ulikoenda.

Hapo benchi likachangamka. Kapteni, aliyekuwa anabisha, akageuka shahidi. Aliapa kwamba pale bandarini aliuona waya mnene kama paja ukiingia majini, na askari akamwambia asiulize. Kufikia birika la pili nyambizi zilishakuwa tatu. Wizara alieleza kwamba wilaya zisizo na bahari ndizo hukatiwa kwanza, maana haziwezi kwenda kuchungulia.

Obadia aliona mada yake inaharibiwa na wasioijua. Alitaka wasikie kile kipande cha video kinachosema chaji hupunguzwa betri ikikaribia kujaa, na kwamba gesi yake lazima ipulizwe nje isije ikalipuka. Simu ikazima. Akapitisha mkono dirishani bila kuinuka, akakuta ekstensheni ya ile betri imejaa: simu ya Kapteni, simu ya Wizara, na mashine ya mayai. Kapteni alikataa kuchomolewa, anasubiri simu ya shemeji. Wizara alisema yake ina taarifa nyeti. Obadia akachomoa mashine, akajiambia ni kidogo tu.

Video ilipofunguka hakuna aliyeitazama. Wizara alikuwa amefika kwenye upepo. Singida ina upepo wa bure, alisema, basi nyambizi ziletwe huku zichaji kwa upepo, Dar ipumue. Kapteni akauliza zitakaa wapi. Ziwa Singidani, alijibiwa, na zitapanda kwa treni hadi Manyoni, kisha lori.

— Kule hakuna kina, alisema Obadia. Itabaki mgongo nje kama kiboko.

— Ikiwa inachaji inazamia nini? aliuliza Wizara.

Hapo Obadia alikumbuka mayai. Lakini alikuwa na jibu zuri la kina cha maji, na angenyamaza Wizara angeshinda. Akasema jibu lake. Wizara akasema lake. Basi la kutoka mjini liliposimama, mkuu wa bandari ya Singidani alikuwa ameshateuliwa, naye ni Kapteni.

Loyce alishuka na kikapu chake, akawasalimu, akapita ndani. Hakukaa. Alitoka ameshika plagi mkononi.

— Baba Belinda, nani amechomoa mashine?

Kapteni alitazama barabara. Wizara alijimiminia kahawa iliyokuwa imeshakwisha, yakadondoka machicha.

— Nawauliza jamani. Nani?

Obadia alifungua mdomo, na kilichomjia ni nyambizi, gati na dizeli. Loyce alirudi ndani, akaja na yai moja, akalibandika kwenye shavu la mumewe na kulishikilia hapo mbele ya watu. Lilikuwa baridi. Obadia aliona aibu ambayo hajapata kuiona tangu amuoe.