Komesha na Mpira Uliogusa Mstari

"Umetoka."

"Haujatoka, dada. Umegusa mstari, njoo uione alama yake."

"Upande huu naamua mimi, na nimesema umetoka."

"Basi ondoa mguu wako tuangalie wote."

Ndugu waombolezaji, majirani na wanaklabu, marehemu mwenyewe aliagiza historia yake isianze na kuzaliwa, ianze na ugomvi huo, uliotokea Jumamosi tarehe 5 Agosti 1989, saa tano asubuhi, katika kiwanja namba mbili cha klabu yetu ya tenisi, kati yake na mdogo wake wa tumbo moja. Familia imetii, na sasa turudi mwanzo ili ijulikane walikuwa wanagombania nini.

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimwita Komesha kwa sababu mpira aliouanzisha yeye ulikuwa haurudi, alizaliwa tarehe 3 Machi 1971 katika nyumba ya vyumba viwili iliyo nyuma ya pampu ya maji ya klabu, akiwa mtoto wa kwanza wa mtunza viwanja na mshona mapazia. Tarehe 19 Juni 1974 alizaliwa mdogo wake, aliyepewa jina la utani la Kimya, na mama yao alikuwa akisimulia kwamba kichanga kilipoingizwa nyumbani Komesha alikitazama kwa muda, kisha akauliza kitaondoka lini.

Alisoma shule ya msingi iliyo ng'ambo ya barabara kuanzia Januari 1978 hadi Novemba 1984, kisha sekondari ya wasichana hadi mwaka 1988, na jioni zote hizo alikuwa kiwanjani na baba yake, akifagia udongo, akichora mistari kwa chokaa, na baadaye akifundishwa kucheza kwa raketi zilizotupwa na wanachama. Kimya hakufundishwa na mtu, alikuwa akikaa juu ya kile chuma kizito cha kusawazishia udongo na kutazama, mpaka siku moja ya mwaka 1985, akiwa na umri wa miaka kumi na mmoja, aliposhika raketi kwa mara ya kwanza na kuurudisha mpira wa dada yake kwenye kona, taratibu, kama mtu anayerudisha sufuria aliyoazima. Baba alicheka kwa furaha, akamwambia rafiki yake, "Huyu wa kwanza nimemfundisha, huyu wa pili amezaliwa nao." Komesha alikuwa nyuma yao ameshika ufagio, akayasikia yote, na tangu siku hiyo, kwa maneno yake mwenyewe, kijicho kiliingia moyoni kikapanga chumba, kikakaa bila kuhama.

Mwaka 1989 chama cha tenisi kilitangaza nafasi moja, moja tu, ya msichana wa kwenda kujifunza nje kwa miaka miwili, na mchujo wa klabu ukawaacha ndugu hawa wawili. Hatua hiyo haikuwa na mwamuzi, na desturi ya tenisi pasipo na mwamuzi ni kwamba kila mchezaji huamua mipira inayoangukia upande wake, kwa uaminifu wake. Seti ya tatu Kimya alibakiza pointi moja kushinda, akapiga mpira uliodondoka juu ya mstari na kuacha alama kwenye udongo, Komesha akasema umetoka, akaweka kiatu juu ya alama, akakizungusha, alama ikafutika.

Kimya alilia mbele ya watu wote kwamba ameibiwa, na baba yao, ambaye waliokuwa wanatazama ndio waliomwajiri, aliona aibu, akamtaka aombe radhi hapohapo. "Kushindwa si aibu," alimwambia, "aibu ni kumzulia dada yako." Kimya akaomba radhi, mchezo ukaendelea, Komesha akashinda, na kuanzia siku ile hadi mwaka huu mtoto yule alijulikana hapa klabuni kama yule asiyekubali kushindwa.

Komesha alisafiri tarehe 10 Septemba 1989, akaanza kucheza tenisi ya kulipwa Januari 1991, na Julai 1994 akafika nafasi ya tisini na sita katika orodha ya dunia. Hata hivyo siku aliyopata nafasi hiyo alipiga simu nyumbani apongezwe, mama akampongeza vizuri, halafu akaongeza kwamba Kimya naye jana amewafunga wanaume watano wa klabu mfululizo, mmoja baada ya mwingine, na Komesha akakata simu, asile chakula cha jioni. Mwaka uliofuata alimwajiri mdogo wake awe mfunga nyuzi wa raketi zake na kusafiri naye, watu wakamsifu kwa kujali damu yake, kumbe alitaka awe naye karibu ili ajue hachezi.

Tarehe 6 Desemba 1995 alifunga ndoa na mtaalamu wa viungo, wakaachana kwa heshima mwaka 2000, na hawakujaliwa mtoto. Mwaka 1996 mipira yake ilianza kukosa urefu na bega kuuma, akalaumu mipira, akalaumu hali ya hewa, akafukuza makocha wawili, mpaka tarehe 14 Oktoba 1997 akapasuliwa bega, na alipopona alikuwa nafasi ya mia nne thelathini na moja. Alirudi, akashinda shindano moja dogo Mei 2001, akastaafu mwaka 2003. Kimya alipoolewa mwaka 2004, Komesha alikuja harusini na gauni lililomeremeta kuliko la bibi harusi, na binti wa Kimya alipozaliwa mwaka 2006, alimlea kama wake, huku akiuchunguza mkono wake kila arushapo kitu, asije naye akawa amezaliwa nao mchezo.

Kwa miaka kumi na tisa alifundisha hapa klabuni, na wanafunzi wake wanajua kwamba alicheza na kila mtu isipokuwa mdogo wake, siku hii bega, siku ile jua, siku nyingine viatu.

Tarehe 8 Februari 2023 aligundulika kuwa na saratani ya ini, akalazwa wodi namba tatu, na Kimya akawa anakuja kila siku saa nne asubuhi na kukaa hadi jioni. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na tarehe 2 Mei Komesha aliamua kutokuumbuliwa.

"Ule mpira uligusa mstari," alisema.

Kimya alikuwa anamenya chungwa, hakuinua kichwa. "Najua. Nilikuwepo."

"Na miaka yote hii umenyamaza?"

"Nitasema nini, dada, na mimi nina langu." Akaeleza kwamba mwaka ule wa 1996, katika kila raketi aliyoletewa, alikaza nyuzi nusu kilo zaidi ya alivyoagizwa, halafu nusu nyingine, kidogokidogo ili mkono usishtuke, maana nyuzi zikikazwa mno mpira hukosa urefu na bega hubeba kishindo chote, kwa sababu alikuwa amechoka kumpigia makofi. "Kikulacho ki nguoni mwako. Mimi nilikuwa kwenye raketi yako."

Komesha alimfukuza, na kwa siku nne muuguzi aliambiwa asimruhusu kuingia. Siku ya tano alimtuma binti wa Kimya akamwite mama yake.

"Nimetafuta hasira ya bega nimeikosa," alimwambia. "Ninachoona ni kwamba bega lako bado zima, ndicho kinachoniuma."

Akaagiza mambo ya mpira yasomwe mbele ya klabu siku ya mazishi yake, ili jina la mdogo wake lisafishwe pale lilipochafuliwa. Kimya akakubali kwa sharti moja. "Na nyuzi zisomwe. Ukinifanya malaika, utaanza kunionea wivu hata kwa huo umalaika."

Kwa hiyo yamesomwa yote mawili, na familia inawaomba wote mliokuwa mkimwita Kimya asiyekubali kushindwa, jina hilo mliache leo.

Komesha alifariki tarehe 21 Juni 2023, saa mbili asubuhi. Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi namba tatu, majirani waliofua mashuka na kutuletea maji bila kuombwa, makocha wenzake walioshika zamu zake, na uongozi wa klabu uliofunga viwanja kwa siku tatu. Pumzika, Komesha, umeyasema yaliyokuwa yanakunyima usingizi.

Jioni ya kuamkia siku aliyofariki, Kimya alipokuwa anaaga, dada yake alimtazama akitembea kuelekea mlangoni, akamwambia kwamba hata sasa anamwonea wivu, maana anaondoka kwa miguu yake mwenyewe. Kimya alisimama, mkono kwenye kitasa, akasema, "Basi nionee mpaka kesho saa nne, dada, nitakuwa nimerudi."